Jina Lisilofagiwa

Mfagiaji alipita tena, akazoa majina kwa maelfu, akaliacha la Maharani.

Rahayu akasogelea kioo cha kompyuta. Programu hiyo ya duka la batiki aliiandika mumewe, Bimo. Ilihifadhi majina ya wateja kwa kuyashika kwa ulegevu tu: kumbukumbu ikianza kujaa, mfagiaji wa kompyuta huzoa kila jina lisilo na wa kulishikilia. La Maharani halikuwa la mteja yeyote. Kumbe Bimo aliweka mstari mmoja kulishikilia, lisifagiwe kamwe.

"Shemeji, huo usiuguse!" Teguh, mwenzake Bimo kazini, akacheka kutoka meza ya pili. "Sote tumemwambia jina hilo linakula nafasi bure. Anasema, 'Nimeahidi, sitaliachia.'"

"Kamwahidi nani?"

"Hasemi. Ukimbana, machozi yanamlengalenga."

Wivu ukampanda Rahayu. Yeye ni Rahayu, jina la kuombewa salama tu. Mwenzake ni Maharani, yaani malkia!

Akatazama tarehe ya mstari. Ni wiki ile aliyofariki baba yake hospitalini, Bimo ndiye aliyekuwa akikesha naye. Kumbe huku anamfuta mke machozi, huku anamtunza Maharani wake!

Mezani kulikuwa na wali aliofungiwa na Bimo asubuhi katika jani la mgomba, bila pilipili, kwa sababu ya tumbo lake. Akausukuma kando. Akaufuta ule mstari, akangoja. Mfagiaji alipopita, Maharani hakuwepo tena.

Jioni alishuka kwa mama yake na begi la nguo.

"Nimerudi, mama. Bimo ana mwanamke."

"Bimo huyu? Anayekuja kunichotea maji bila kuitwa? Haya, anaitwa nani huyo?"

"Maharani."

Kisu cha vitunguu kikamponyoka mama. Akaenda kufunga mlango kwanza, kisha akamshika binti yake mashavu kwa mikono yote miwili, kama mtu anayepima homa.

"Usilitaje tena. Ulikuwa mchanga, unazimika mikononi mwetu. Wazee wakasema jina tulilokupa limekuwa zito kwako, ndipo tukakuita Rahayu. La kwanza tulilijua wawili tu, mimi na baba yako. Nilidhani amezikwa nalo."