Sisimizi Kwenye Kitabu

Sisimizi walikuwa wamekivamia tena kitabu cha hadithi. Bibi Rozalia alikipangusa kwa pindo la kanga, akazilaumu mvua za Katubuka kwa kurasa kuwa nene na kunata. Kiporo cha ugali wa muhogo nacho kilikuwa kikipungua sufuriani; kwa hilo alimlaumu paka. Moyoni alitamani sisimizi wakitafune kitabu chote, maana mkwewe Happiness alikuwa njiani.

Happiness, mwalimu, ndiye aliyekileta Krismasi: kitabu cha picha, cha binti mfalme aliyefungiwa juu ya mnara. Aliuliza kwa adabu nani atamsomea mjukuu, Armelle.

"Mimi!" Bibi alijipiga kifua. "Nimepita kwa masista, mwanangu."

Kweli alipita. Alikuwa akiwauzia mihogo.

Tangu hapo alitazama picha, mdomo ukamalizia. Mnara ukawa ghorofa la kuanikia dagaa. Mwana wa mfalme akawa kijana wa Ujiji aliyekuja kuposa. Kizee chenye pua iliyopinda Bibi alikionea huruma, akakifanya mama mkwe mwema.

Armelle, wa darasa la pili, alisikiliza huku ameinamia kazi zake za shule, penseli mkononi. "Rudia hapo, Bibi. Polepole." Bibi alirudia, akidhani mtoto ni mzito kuelewa, ingawa shuleni walimsifu kwa imla: haachi neno hata moja analolisikia.

Happiness alifika, akaamkia, akala. Kisha akakichukua kitabu.

"Mama, leo pumzika. Nasoma mimi."

Ukurasa mmoja tu, na mjukuu angejua amedanganywa, na mkwe angejua amedanganywa zaidi. "Umechoka na safari, mwana wanje, mwanangu," Bibi alijaribu. "Kesho."

"Kidogo tu, Mama."

Happiness alifungua. Alipitisha kidole juu ya karatasi ya daftari iliyobandikwa ukurasani, yenye mwandiko wa penseli, akamtazama Armelle, ambaye ghafla alianza kuosha sahani iliyokwisha kuoshwa. Happiness akakohoa, akasoma:

"Hapo kale, dagaa walipokuwa bei ya bure, binti mmoja alikaa juu ya ghorofa la kuanikia..."

Bibi, aliyekuwa amefumba macho kwa aibu, alifumbua moja. Kijana wa Ujiji akaja na posa. Mama mkwe mwema akaleta ngazi. Neno kwa neno! Bibi akajiweka vizuri kwenye mkeka, akanyoosha shingo. Kumbe kusoma kwenyewe ndiko huku! Miaka yote anajua na hajijui.

"'Shuka, mwanangu,' mama mkwe akamwita yule binti." Sauti ya Happiness ilianza kutetemeka, na haikujulikana kama ni kicheko au kilio. "'Shuka ule. Nitakupenda kama wa tumbo langu. We Armelle, acha kuandika, kageuze maharage, yanaungua.'"