Ufunguo wa Kocha

Kocha Mfaume alipojigonga kichwa kwenye mlingoti wa goli, wachezaji walicheka, naye akacheka. Kisha akaja bombani, alipokuwa Mama Shomari akifua jezi.

"Mama Shomari, leo tunacheza na nani?"

"Na watu wa posta."

Akatapika kando ya beseni, akajifuta mdomo. "Eti leo tunacheza na nani?"

Mikono ya mama ikaganda kwenye povu. Shomari wake naye alitapika hivyo hivyo, akarudia swali hivyo hivyo, na kocha huyu akamrudisha uwanjani: "Mwanaume haumwi kichwa!" Shomari akagongwa tena, wakamzika kesho yake. Miaka miwili mama amefua jezi zao, akiiomba siku kama hii.

"Nipe ufunguo wa pikipiki, mama, nikalale."

Mama alikuwa amemtunzia ufunguo huo, ameufunga fundo kwenye pindo la kanga yake.

"Mwanaume haumwi kichwa, kocha," alisema taratibu.

Kocha akacheka, akanyoosha mkono. Mkono ukapapasa hewa, mbali na bega la mama. Mama Shomari akalishika fundo kwa vidole vyenye povu. Hakulifungua, wala hakuliachia.

"Leo tunacheza na nani, mama?"