Madigadi ya Kromu

Msafiri alikaza nati ya mwisho. Madigadi mpya ya kromu iling'aa nyuma ya pikipiki kama kioo. Ile nyeusi ya zamani alikuwa ameshaitupa jalalani.

Mama yake, Bi Zuhura, akatoka na chai. Alipoiona ile madigadi nyeusi jalalani aliweka kikombe chini, akaiokota, akaifuta tope kwa upindo wa kanga mpaka maandishi ya marehemu mumewe yakatokeza: "Zuhura, narudi."

"Sikuyaona, mama," alisema Msafiri, yeye aliyejifunza kusoma kwa maneno hayohayo. "Ngoja niirudishe."

"Iache, mwanangu. Hiyo yako inapendeza."

Msafiri hakuthubutu kugeuka. Ndani ya kromu alimwona mama akielekea mlangoni, ameikumbatia ile nyeusi, umbo lake limepinda, likizidi kuwa dogo.