Beberu wa Hesabu

Beberu alilia kwa mara ya ishirini na sita, na Mwalimu Tryphena akatamani ardhi ya Wusi ipasuke immeze.

Beberu mwenyewe alikuwa honi ya lori kuukuu kutoka gereji moja ya Mwatate. Mwalimu alikuwa ametengeneza sanduku la mbao lenye betri ya gari na taa ndogo. Kila swali la hesabu lilikuwa na misumari minne, kila msumari na jibu lake. Mtoto akigusa jibu la kweli kwa waya, taa inawaka.

"Mtoto atajijua papo hapo," alimwandikia inspekta wa elimu kule Voi. "Fimbo ya nini tena?"

Kwa wiki tatu darasa la nne halikubanduka kwenye sanduku lile. Juzi taa iliwaka mpaka Tryphena akahofia itaungua. Basi jana, kwa kutaka kumfurahisha mgeni, akaongeza honi: anayekosea, asikie.

Leo Bwana Ndambuki, inspekta, alikuwa amepanda milima kujionea. Sanduku likimridhisha, kila shule ya tarafa ingepata lake. Lisipomridhisha, Tryphena angerudia fimbo.

Mtoto wa kwanza, kwa woga, aligusa ovyo.

Mbeeee!

Darasa zima likaangua kicheko, hata madawati yakatetemeka. Waliofuata hawakuwa na haraka. Walisoma swali, wakahesabu kwa vidole, wakaandika daftarini, wakafuta, wakaandika tena. Ndipo wakagusa.

Mbeeee! Mbeeee!

Watoto ishirini na sita, na taa haikuwaka hata mara moja.

Bwana Ndambuki alifunika kalamu yake. "Mwalimu, hata kuku akidonoa misumari hii ovyo, atapata mbili tatu."

"Juzi walikuwa wanaweza, bwana. Naapa."

"Juzi sikuwepo." Akachukua kofia yake. "Nitakuletea fimbo mpya mwenyewe."

Machozi yakamlengalenga Tryphena. Hapo kicheko kikakatika. Wakesho, kiranja wa darasa, akasimama, uso umemshuka.

"Usilie, mwalimu. Sisi tulijitahidi sana, kila hesabu tumeirudia mara mbili," alisema. "Maana ukikosea kidogo tu, ile taa inawaka."