Msuko wa Bi Sikitu

Saratani ya Bi Sikitu ilikuwa imerudi, na safari hii ilishafika kwenye ini. Daktari alisema dawa haitamponya, ila ingemwongezea miezi. Waliporudi nyumbani akaketi mkekani, akamwomba bintiye, Mgeni, amsuke nywele zilizoota upya baada ya matibabu ya kwanza.

"Mama, ukianza dawa zitanyonyoka tena."

"Ndiyo maana nakwambia suka. Kule sirudi, mwanangu."

Mgeni alitaka kubisha, lakini akasogea nyuma ya mama yake. Akapasua njia kwa kitana, akaanza. Nyuma ya sikio vidole vyake vikagota kwenye uvimbe mgumu ambao hakuwahi kuugusa.

"Mbona mikono imekupoa hivyo?" mama akauliza.

Mgeni akaulaza msuko juu ya uvimbe ule, polepole, akaufunika.