Picha A na Picha B

Daktari wa meno alitoa lenzi ya kukuzia mfukoni, akaipangusa kwa ncha ya tai yake, akaiinamia picha A kama mtu anayetafuta jino lililooza.

"Msinisemeshe," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa akimsemesha.

Picha zilikuwa mbili, zimelazwa ubavu kwa ubavu mezani. Zote zilionyesha ua wa nyumba hiyohiyo: kamba ya nguo, ndoo ya bluu, na paka juu ya ukuta akijilamba mguu.

Waliozizunguka walikuwa wanaume wanne. Kila Jumamosi alasiri walikutana sebuleni kwa Mega kulinganisha vifaa: betri ipi inakaa na chaji, stendi ipi haiyumbi, mkoba upi haupitishi maji. Wiki iliyotangulia walikuwa wamebishana saa mbili nzima juu ya mikanda ya kamera, hadi Flashi, mpiga picha wa harusi, akaondoka bila kuaga.

Leo jambo lilikuwa zito zaidi. Mega alikuwa ameazimwa kamera mpya dukani, aijaribu siku chache. Mwenye duka alikuwa tayari kumwachia moja kwa moja, mradi alete ile ya zamani wabadilishane. Tatizo ni kwamba ile ya zamani haikuwa ya Mega. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe wake, aliyeishi kwa kupiga watu picha za pasipoti, na alipofariki alimwachia binti yake, mke wa Mega. Kona yake moja ilikuwa imechubuka rangi yote, pale kidole gumba cha mzee kilipozoea kukaa.

"Ile ni kumbukumbu, sikatai," Mega alimwambia mkewe siku ya Jumatano. "Lakini kumbukumbu haipigi picha. Hii mpya na ile ni mbingu na ardhi. Hata kipofu ataona."

Mkewe alikuwa mpima macho. Kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuwabadilishia watu vioo mbele ya jicho na kuwauliza: ya kwanza au ya pili?

"Basi tuwaulize wenzako," alisema. "Nitapiga mimi, nitasafishisha mimi, nitaandika A na B. Wakiitambua ya kamera mpya, chukua ya baba uipeleke. Wakishindwa, usinitajie tena habari hiyo humu ndani."

"Umejitakia mwenyewe," Mega akacheka.

Alhamisi asubuhi alimwona akielekea uani, kamera mbili shingoni, stendi ya miguu mitatu begani. Mega akaenda kazini akipiga mluzi.

Sasa Daktari aliinua kichwa.

"A ndiyo mpya," alitangaza. "Tazameni kivuli cha ndoo. Kwenye A kina uhai. Kwenye B kimekufa."

"Kivuli tu?" Flashi alimsukuma kando. "Angalia manyoya ya paka! Kwenye A nayahesabu moja moja. Kwenye B utadhani kavaa sweta."

"Na ile bluu," Mega akadakia, miguu haitulii. "B imepauka. Uzee haufichiki."

Flashi alimgeukia mke wa Mega, aliyesimama mlangoni amefunga mikono kifuani. "Ila shemeji, hongera. Stendi haikusogea hata unywele. Na paka umemtuliza kweli, mguu uko palepale ulimini."

"Ni paka msikivu," alijibu.

Wa nne wao, karani wa mahakama, mtu wa maneno machache, alikuwa bado ameinamia meza. Aliitazama A. Akaitazama B. Akarudi kwenye A.

"Mimi sioni tofauti," alisema.

Sebule ililipuka kwa kicheko. Daktari alimpigapiga mgongoni. "Wewe nenda kapimwe macho, ndugu yangu!"

"Nilimpima mwezi uliopita," mke wa Mega alisema. "Ni mazima."

Karani aliona aibu hata hivyo, akaketi. Mke wa Mega aliwaletea karatasi na kalamu. "Andikeni na mweke sahihi," alisema, "msije mkanigeuka." Daktari aliandika A kwa herufi kubwa, na chini yake sababu tatu. Flashi aliandika sababu tano ili amzidi. Mega alipiga mstari chini ya A yake mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi.

Kisha akaingia chumbani, akarudi na kamera ya mkwewe. Alikuwa ameshaifunga kwenye taulo tangu asubuhi, tayari kwa safari ya dukani. Mkewe aliipokea, akaifunua, akapitisha kidole gumba polepole kwenye ile kona iliyochubuka. Macho yake yalilowa kidogo, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo Mega alijihisi mdogo.

"Usilie, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hata mzee angekubali. Hakuna ubaya, ni teknolojia tu."

"Silii," mkewe alisema.

"Haya, tutoe wasiwasi, shemeji," Flashi alimhimiza, amesugua viganja mpaka vimepata moto. "A ni ya kamera ipi?"

Mke wa Mega aliivuta kamera ya baba yake kifuani, akaikumbatia.

"Si ya kamera yoyote," alisema. "Nilipiga mara moja tu, kwa simu, nikamwambia mtu wa studio anitolee nakala mbili."