Mayai Yaliyobaki

Asubuhi kuku alishuka kiotani, akatoka uani na vifaranga saba vya kware, kila kimoja kama ncha ya kidole gumba. Nyuma yake yalibaki mayai matano ya kuku, bado siku tatu yaanguliwe.

Marehemu mume wa Dorika ndiye aliyekosea. Aliyaokota mayai ya kware akipalilia uwele, akayaleta ndani ya kofia yake ya keya, ya askari wa kikoloni, akamwekea kuku siku moja na mayai yake mwenyewe, ilhali ya kware huwahi kuanguliwa. Wiki iliyofuata homa ikamchukua.

“Mfunike kuku kwa tenga arudi kuatamia,” mama mkwe alisema. “Hao wa porini waache wafe. Au unangoja kware wa jangwani, kama Waisraeli?”

“Hawa aliwaleta mwanao, mama.”

“Na hayo mayai ndiyo yatakayokulisha, Dorika.”

Tangu mazishi Dorika hakuwa amelia, wala kusikia njaa, wala jua la Mtinko mgongoni.

Akamwacha kuku aende na kware wake. Akainama, akayaokota mayai moja moja, akayapanga tumboni pake, akayafunga kwa kaniki.

Yalikuwa ya baridi, na baridi ile aliisikia.